Jumatano ya Akina Mama

Busu la sinema, mabinti, lilikuwa na urefu wa pumzi mbili. Nazungumzia busu la Kizungu, maana kwenye filamu za Kihindi za wakati ule midomo ikikaribiana tu mvua ilinyesha, na watu hamsini wakatokea kusikojulikana kuimba. La Kizungu ndilo lililonipa ugali. Nilisimama kando ya projekta na kipande cha kadibodi nilichokata kwenye boksi la sabuni. Nikiona vichwa vimeanza kuinama upande upande, nakiweka mbele ya lenzi, navuta pumzi mbili, nakitoa. Chini ukumbini kulibaki giza, muziki wa vinanda, na wanawake mia mbili wakisonya kwa pamoja.

Miaka ya sabini kuelekea themanini nilikuwa opereta wa sinema katika jumba moja la Eastlands. Jina lake sitalitaja, kwa sababu siku hizi ni kanisa, na mchungaji wake ni mtu mwenye haya. Naandika haya kwa ajili yenu mnaokuja kwetu Jumapili, kwa kuwa nawasikia mkilalamika. Mnasema kwamba katika mchezo mnaoutazama kwenye simu, wale wanawake wawili waliopendana, mmoja wao ameuawa katika sehemu ya nane. Sehemu ya nane! Mmepewa sehemu saba nzima za kuwaona wakicheka, wakipika na kubusiana bila kadibodi, na bado mnalia. Poleni sana. Sisi tulipewa dakika nne za rafiki aliyebeba trei.

Na jina mnalo, la herufi nyingi, tena lina bendera yake. Sisi hatukuwa na jina. Lile lililokuwepo lilikuwa tusi, na sitalipa heshima ya kuliandika hapa. Tulichokuwa nacho ni chumba kimoja Kariobangi, mimi na Wairimu, chenye kitanda kimoja, stovu moja, na cherehani aliyoshonea watu sare za shule. Majirani wa ploti walituita wasichana wa kanisa. Hatukuleta wanaume, hatukupiga kelele, na Jumapili tulitoka na Biblia mbili kwapani. Mwenye ploti aliwaambia wapangaji wengine waige mfano wetu, nasi tukainamisha macho kwa unyenyekevu.

Mtauliza msichana wa Kikamba kutoka Machakos aliingiaje chumba cha mashine, mahali ambapo hata wanaume waliingia kwa kubisha. Niliingizwa na wivu wa waume za watu. Mwenye jumba, Bwana Hirji, aliona kwamba Jumatano mchana viti vinakaa bure, akaanzisha onyesho la akina mama peke yao, saa nane na nusu, mwanamume haruhusiwi hata kusimama mlangoni. Wakaja wenye buibui kutoka Pumwani na Eastleigh, wakaja wauza mboga wa soko la Kariobangi, wakaja walimu wa nasari wa Jericho. Wiki ya pili waume wakaja na swali. Yule anayeendesha mashine huko juu, si mwanamume? Hana tundu la kuchungulia?

Tundu lilikuwepo, tena mawili. Aliyekuwa nyuma yake ni Mzee Odhiambo, mwenye miaka sitini na macho yaliyochomwa na mwanga wa kaboni, ile taa kali ya ndani ya projekta, asiyeweza kumtambua hata mkewe kutoka umbali ule. Haikusaidia. Bwana Hirji akanikuta nikifagia chini ya viti, akasema, "Wewe Mueni, wacha fagio. Panda juu, Odhiambo akufundishe." Hivyo waume wa Eastlands, ili wake zao wasitazamwe na mwanamume, wakahakikisha wanatazamwa na mimi. Sijapata nafasi ya kuwashukuru mpaka leo.

Mzee Odhiambo alinifundisha kwa miezi mitatu, na karibu yote niliyojua yalitoka kwake. Filamu nzima inakuja kwenye mikebe, duara baada ya duara, na kila duara tuliliita rili. Rili moja ni kama dakika ishirini. Kabla ya kuionyesha, unaipitisha yote mkononi kwenye meza ya kuzungushia, kidole kimoja ukingoni, na kidole ndicho kinachokwambia pale palipochanika. Pakichanika unakata kwa mkasi, unakwangua kwa wembe, unapaka gundi, unabana, unahesabu mpaka thelathini. Ukihesabu mpaka ishirini kwa sababu una haraka, itakatika mbele ya watu, nao watakuita majina ya wanyama.

Projekta zilikuwa mbili. Rili ikikaribia kuisha, kidoa kinatokea kwenye kona ya juu kulia. Kidoa cha kwanza unawasha mashine ya pili, cha pili unabadilisha. Mtazamaji hajui kitu, na asipojua ndipo umefanya kazi. "Msichana," Mzee Odhiambo aliniambia, "ile stelingi si yako. Yako ni ile kona. Ukianza kupenda stelingi, utapoteza kona." Alikuwa na hakika kwamba nitapenda stelingi, yule bwana wa kifua wazi aliye mbele ya kila filamu. Mzee wa watu, alikuwa na wasiwasi mwingi ambao angeweza kuuweka kando.

Makosa nilifanya. Wiki yangu ya kwanza peke yangu niliweka rili ya nne kabla ya tatu. Mtu aliyekwisha kufa na kuzikwa akarudi akiwa amepanda pikipiki. Ukumbi ulisimama kumshangilia, na Bwana Hirji akanipongeza kwa filamu nzuri. Siku nyingine niliona bwana ameshika shingo ya bibi taratibu, nikadhani ni lile jambo letu, nikaweka kadibodi. Kumbe alikuwa anamnyonga. Nilipoitoa, bibi alikuwa sakafuni na chumba kitupu. Soko la Kariobangi lilibishana wiki nzima kuhusu nani aliua, na nilipoenda kununua sukuma wiki niliulizwa maoni yangu kama mtaalamu.

Kuhusu kutazama, sasa, kwa sababu hilo ndilo mnalopenda kujua: tulijiona wapi? Nilitazama kila filamu iliyopita pale, nyingine mara kumi na mbili, na nawaambia kwamba wengine wote walipoingia walitafuta stelingi. Mimi na Wairimu tulitafuta rafiki. Kila filamu ina mwanamke mzuri anayelia, na ana rafiki. Rafiki ndiye anayemchana nywele, anayemfichia barua, anayemwambia "yule bwana hakufai," na mara zote anasema kweli. Halafu bwana anarudi, muziki unapanda, na rafiki anatumwa jikoni kuleta chai. Hatumwoni tena. Kwenye filamu za mateke kulikuwa na mwanamke wa upanga, anawapiga wanaume thelathini peke yake bila kutoa jasho, kisha dakika ya mwisho anaolewa na yule mmoja asiyejua hata kushika fimbo. Televisheni haikuwa bora. Jirani yetu alikuwa nayo, ndani ya kabati lenye milango na kufuli, akiifungua Jumapili jioni kwa watu aliowapenda. Humo wanawake wawili wakiwekwa chumba kimoja, baada ya salamu tu wanaanza kugombania mwanamume ambaye hata hajaingia.

Jioni Wairimu alikuwa akishona, mimi nikimsimulia filamu ya wiki. Hakuuliza habari ya stelingi hata siku moja. "Na yule rafiki?" aliuliza, sindano mdomoni. "Ametumwa kuleta nini?" Nami nikamjibu kwamba ameleta chai, na hatujamwona tena. Tulicheka sana. Mimi nilidhani tunacheka wote wawili kwa sababu moja.

Kisha likaja jambo la karani. Alikuwa mtu wa kwao Murang'a, mpole, mwenye kazi ya ofisi na meno mazuri, na sina baya la kumsema, jambo lililoniudhi kuliko kama angekuwa mlevi. Wazee wa upande wake walikuwa wamepanga kufika nyumbani kwa kina Wairimu Jumapili moja kumposa, na pombe yao. Wajukuu wa mjini huenda hamjui. Kwa Wakikuyu, pombe hiyo haimiminwi hivi hivi. Msichana anaitwa mbele ya wazee wote na kuulizwa: tunywe, au tusinywe? Akisema nyweni, amekubali, na maneno yamekwisha. Akisema msinywe, amemwaibisha baba yake mbele ya rika lake lote. Hakuna msichana wa kwao aliyekuwa amewahi kusema msinywe.

"Nionyeshe wawili tu," Wairimu aliniambia wiki moja kabla, kichwa ameinamia cherehani. "Wewe unaona sinema zote za dunia. Nionyeshe wanawake wawili walikaa hivi, kama sisi, mpaka wakazeeka. Kwa sinema, kwa televisheni, huko kwenu Ukambani, popote."

Nikafikiri. Nilikuwa nimeona mamia ya filamu.

"Masista," nikasema.

"Masista wameolewa na Yesu." Akakanyaga cherehani. "Mueni, si eti sikupendi. Naogopa. Siwezi kuingia mahali sijawahi kuona mtu ametoka akiwa mzima."

Niliumia, mabinti, kwa sababu katika mamia yale sikuwa nimeona wawili hao. Na mimi ndiye niliyejigamba kwamba najua kila kitu kilicho kwenye pazia.

Wiki ileile ikafika mikebe saba kutoka mjini. Bwana Hirji alikuwa na desturi yake ya kuchagua filamu za akina mama. Alitazama rili ya kwanza peke yake, miguu juu ya kiti cha mbele, kisha akaamua. Alisema mwanzo ukiwa safi, mwisho utajijua. Rili ya kwanza ya filamu hii ilikuwa na wanawake wawili wa Ulaya, mmoja mfua nguo, mwingine mwalimu wa muziki, wakikaa nyumba moja kando ya mto. Wanachanana nywele. Kuna baridi, wanalala kitanda kimoja. Bwana Hirji akafuta macho.

"Dada hao," akasema. "Ona vile wanapendana. Dada zangu mimi wanapelekana kortini."

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

"Hii ni ya Jumatano. Mwambie mchoraji aandike."

Mchoraji akaandika kwenye ubao wa nje, kwa rangi nyekundu: DADA WAWILI. UPENDO WA NDUGU. AKINA MAMA LETENI LESO ZA MACHOZI. Filamu yenyewe ilipitaje kwa wakubwa wa mjini mpaka ikatufikia, sijui. Naamini nao walikuwa na dada.

Jumanne asubuhi nikaikagua yote peke yangu, rili baada ya rili. Kwenye rili ya pili nikavuta kiti karibu na tundu. Hakuna rafiki wa trei. Wenyewe ndio stelingi, wote wawili. Rili ya nne wanabusiana, na si kwa bahati mbaya. Rili ya tano baba wa mwalimu anawafukuza. Rili ya sita wanapata chumba kidogo mtaa wa mbali, wanafunga mlango, wanapika supu, na yule mfua nguo anampulizia mwenzake kijiko ili asiungue. Nilikaa pale juu nikalia kama mtoto. Kisha nikaweka rili ya saba. Watu wanasengenya, mwalimu anakohoa, anaandika barua, anavaa koti, anaingia mtoni. Dakika ishirini kamili za kumzamisha.

Mngefanya nini? Nyinyi mngeandika malalamiko na kutafuta watu elfu wayatie saini. Mimi nilichukua mkasi. Kwenye kabati kulikuwa na mabaki ya filamu ya kale ya wachunga ng'ombe, kile kipande cha mwisho chenye maandishi. Nikakiunganisha mwisho wa rili ya sita, nikahesabu mpaka thelathini, nikahesabu tena thelathini nyingine. Rili ya saba nikairudisha ndani ya mkebe wake na kuusukuma chini ya meza. Kisha nikaenda nyumbani nikamwambia Wairimu kesho asishone, aje sinema.

Alikuja. Alikaa safu ya sita, kiti cha kando, na leso yangu ya kijani kichwani. Nyuma yake alikaa Mama Nduta, muuza viazi wa Kariobangi, mwanamke ambaye hajawahi kutazama filamu bila kuisaidia. Ukumbi ulijaa. Rili ya nne ilipofika, nilikuwa nimeshika kadibodi kama kawaida. Vichwa vikaanza kuinama. Sheria aliyonipa Bwana Hirji ilisema nifunike busu la bwana na bibi, na hapa hapakuwa na bwana. Nikaiweka kadibodi chini. Lilikuwa busu la kwanza kupita kwa akina mama Jumatano tangu jumba lianze, na lilichukua pumzi nne, si mbili.

Hakuna aliyesonya. Nilisikia mashine tu. Kisha sauti ya Mama Nduta ikapanda:

"Hao si dada. Mimi niko na dada wanne. Hakuna hata mmoja amewahi kuniangalia hivyo."

Nikangoja viti vigongwe, nikangoja mtu aende kumwita Bwana Hirji. Mtu akacheka mahali, akaacha. Halafu upande wa wenye buibui mama mmoja akasema, kwa Kiswahili safi cha pwani, "Basi nyamaza, mwanangu, tuone." Mama Nduta akanyamaza. Sikuwahi kusikia Mama Nduta akinyamaza kabla ya siku ile.

Tukafika kwenye supu. Chumba kidogo, mlango umefungwa, kijiko kinapulizwa. Halafu, bila onyo, farasi akatokea anakimbia kuelekea milimani, na juu yake neno kubwa la kumaliza. Taa zikawaka.

"Na hiyo farasi imetoka wapi?" akauliza Mama Nduta.

"Ni ya baba yao," akajibiwa. Wakatoka wakiwa wameridhika.

Wairimu hakuuliza habari ya farasi. Jioni ile alishona akiimba. Alinisimulia filamu yangu mwenyewe tangu mwanzo hadi supu, na alipofika kwenye supu alisimamisha cherehani. "Kwa hivyo walikaa," akasema. "Kumbe inawezekana. Nitawaambia wazee wasinywe." Nilimkumbatia, na raha niliyoisikia ilidumu mpaka nilipovua viatu. Hapo nikaona nilichofanya. Mtu huyu alikuwa anakwenda kumpoteza baba yake, mama yake na shamba la kwao kwa ajili ya supu niliyoikata kwa mkasi. Karani wa watu alikuwa amemwahidi vitu vya kweli. Mimi nilikuwa nimemwahidi farasi.

Nilivumilia Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla mikebe haijarudishwa mjini, nikamwambia aje jumbani, kuna kitu sikumwonyesha. Akakaa safu ileile, peke yake kati ya viti mia tatu. Nikavuta mkebe kutoka chini ya meza, nikawasha kaboni, nikampa rili ya saba yote. Nilimtazama kupitia tundu. Kona ya kidoa sikuitazama hata mara moja.

Ilipokwisha nikashuka. Alikuwa hajasogea.

"Anakufa kwa nini?" akaniuliza.

"Anajitupa mtoni."

"Hiyo nimeona. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu filamu ilikuwa imebakisha dakika ishirini," nikasema. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nafanya mzaha.

Hakucheka. "Hakuna aliyemsukuma," akasema. "Chumba walikuwa nacho. Supu walikuwa nayo. Huyo hakuuliwa na mapenzi, Mueni, ameuliwa na mwenye kuandika." Akafungua leso kichwani. "Na wewe ukanifunika macho kama wale wamama wako wa Jumatano."

"Nilitaka ubaki."

"Najua ulitaka. Usinichagulie mwisho tena. Si mwandishi, si baba, si wewe." Akasimama, akafunga leso, akatembea kuelekea mlangoni, na hakuniambia atawajibu nini wazee.

Mlangoni alipishana na Bwana Hirji, ambaye alikuwa amesikia mashine ikinguruma, akaingia kimya na kukaa nyuma kabisa. Uso wake ulikuwa umelowa. "Pole, mama," akamwambia Wairimu. "Dada ni dada." Kisha akanigeukia. "Mueni. Hii sehemu Jumatano ilikuwa wapi?"

Nikajua kazi imekwisha. Nikasema nimeisahau.

Akafikiri sana, akapenga kamasi. "Afadhali. Wangelia, wiki ijayo wasingerudi. Kuanzia leo, akina mama wasionyeshwe mtu akifa." Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima, katika jumba letu, hakuna aliyekufa siku za Jumatano. Nilikata maiti wengi kuliko mabusu. Ndivyo nilivyopandishwa cheo kuwa opereta mkuu.

Lakini cheo kilinisaidia nini Jumapili ile? Wairimu alikuwa ameondoka Jumamosi na kiondo chake, akaniaga kama mtu anayeaga jirani. Onyesho la mchana nililiendesha vibaya kuliko siku zote. Vidoa vilinipita, pazia likabaki jeupe mara tatu, na watu wakapiga mluzi mpaka Mzee Odhiambo, aliyekuwa amestaafu na kuja kutazama tu, akapanda ngazi na kunisukuma kando. Hakuniuliza kitu. Alishika mashine, akasema, "Kaa chini, msichana. Kona nitaangalia mimi."

Wairimu alirudi Jumatatu saa tisa. Nilikuwa nimekaa kitandani na sikuwasha hata stovu. Akaweka kiondo chini.

"Wamekunywa?" nikauliza.

"Hawakunywa."

Pombe ilirudi ikiwa imejaa, akasema, na wazee walioibeba hawakumtazama. Baba yake alimwambia njia ya kwenda Nairobi anaijua, basi asisahau kwamba njia ya kurudi imefungwa. Akaketi kando yangu akalia, kilio kirefu, cha kwikwi, kisicho na vinanda. Nilikuwa nimetazama wanawake wakilia kwa miaka, tena kwenye pazia, wakubwa kama nyumba, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikaiweka mgongoni kwake nikaiacha hapo.

Baadaye sana nilimuuliza ni nini kilichomtia nguvu, supu au mto. Nilikuwa natafuta sifa, sitawaficha. "Wala," akasema. "Filamu yenyewe ni takataka, mwanzo hadi farasi. Ni Mama Nduta. Alisema kwa sauti si dada, wamama wote wakasikia. Mimi nikafunga macho nikingoja. Na hakuna hata mmoja aliyetoka."

Mimi nilikuwa nimetazama pazia. Yeye alikuwa ametazama ukumbi. Kama mnataka mafunzo ya kazi kutoka kwa mzee, hilo ndilo kubwa nililo nalo.

Baba yake hakusema naye mpaka alipougua, miaka mingi baadaye, na hata hapo alimwambia tu amsogezee mto wa kulalia. Mama yake hakungoja hivyo. Mwaka wa pili alifika Kariobangi bila taarifa, na ndizi mbichi kichwani, akaingia, akatazama chumba, akatazama kitanda kimoja kwa muda mrefu mimi nikiwa nimeshika birika. Akabonyeza godoro kwa kiganja. "Hili limekwisha," akasema. "Nunueni lingine, mtaumia mgongo." Kisha akaomba chai.

Tulinunua. Jumba lilifungwa, projekta zikauzwa kwa watu wa vyuma, mimi nikaenda kushona vifungo kwa Wairimu mpaka akanistaafisha kwa sababu nashona vibaya. Siku hizi tuko Donholm, ghorofa ya chini, kwa ajili ya magoti. Nanyi mnakuja Jumapili, wawili wawili, watatu watatu, kutoka Tassia na Umoja na wapi sijui, mkisema mnataka habari za sinema za zamani. Mnaandika kwenye simu zenu kila ninachosema. Msidhani sioni. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kutazama watu wanaotazama. Hakuna hata mmoja wenu anayetazama picha zangu za projekta. Mnamtazama Wairimu anavyonigombeza kwamba nimemeza dawa ya presha mara mbili, mnatazama vile anavyonivuta sweta lisikae upande, mnatazama nywele zetu zote nyeupe, na chai yenu inapoa mikononi.

Tazameni tu. Hatuna haraka, na jioni bado iko mbali.